Meli ya Majina Sita: Manowari Kōtetsu Kutoka Bordeaux Hadi Hakodate

Manowari ya mvuke ambayo Wajapani waliiita kwanza Kōtetsu na baadaye Azuma haikuundwa Japani, wala aliyeiagiza hakuwa Mjapani. Iliundwa Bordeaux, Ufaransa, katika miaka ya 1863 na 1864 kwa ajili ya majimbo ya kusini ya Marekani yaliyokuwa yameasi, ikauzwa kwa Denmark, ikakataliwa, ikavuka Atlantiki chini ya bendera ya dola iliyoanguka meli ingali safarini, ikasalimishwa kwa Wahispania mjini Havana, ikachukuliwa na serikali ya Washington, na ndipo Wajapani wakainunua. Na hata huko Japani ilipotia nanga ilikuta mnunuzi wake ameshaondoka madarakani. Katika mzunguko huo wote ilibeba majina sita. Wanahistoria wa vita vya baharini huitaja kwa kuwa ndiyo manowari ya kwanza ya deraya katika jeshi la majini la Japani, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini linalostahili kuangaliwa kwa karibu zaidi ni kwamba meli hii iligombewa kwa mikataba, hati na matamko ya kisheria kuliko ilivyogombewa kwa mizinga, na kwamba karibu kila aliyeitamani aliipata wakati vita alivyoitakia vimekwisha au vinakaribia kwisha.

Manowari ya deraya, kwa lugha ya zama hizo, ilikuwa meli ya mvuke ambayo ubavu wake ulivishwa mabamba mazito ya chuma ili makombora yadunde badala ya kupenya. Wafaransa walizindua ya kwanza ya kuvuka bahari kuu, Gloire, mwaka 1859, Waingereza wakajibu kwa Warrior mwaka uliofuata, na mwezi Machi 1862 meli mbili za namna hiyo zilipigana kwa mara ya kwanza huko Hampton Roads, Marekani, zikatwangana kwa saa kadhaa bila ya moja kuizamisha nyingine. Tangu siku hiyo kila serikali yenye pwani ya kulinda ilijua kwamba merikebu zake za mbao, hata ziwe na mizinga mingi kiasi gani, zimepitwa na wakati.

Meli inayozungumziwa hapa haikuwa kubwa. Urefu wake ulikaribia mita 57 na uzito wake tani 1,400 hivi, kiasi kwamba manowari nyingi za mbao za wakati wake ziliizidi kwa kimo na kwa idadi ya mizinga. Nguvu yake ilikuwa mahali pengine. Kiuno chake kilizungushiwa mabamba yenye unene wa milimita 124 katikati na milimita 89 karibu na omo na tezi. Omo yenyewe haikuchongoka kwenda mbele na juu kama ya merikebu za kawaida, bali iliteremka na kutokeza chini ya maji kama mdomo wa chuma, kwa nia ya kumtoboa adui tumboni mahali ambapo hakuna deraya. Ndani ya omo hiyo ulikaa mzinga mmoja wa Armstrong wa kurusha kombora la ratili 300, yaani kilo 136 hivi, na nyuma, ndani ya kibanda cha chuma kisichozunguka, ilikuwamo mizinga miwili midogo ya ratili 70. Chini ya tezi palikuwa na rafadha mbili, yale mapanga ya chuma yanayozunguka majini na kuisukuma meli, kila moja na mtambo wake, pamoja na sukani mbili. Nahodha aliweza kuipeleka rafadha moja mbele na nyingine nyuma, meli ikageuka papo hapo karibu bila kusogea. Kwa meli iliyokusudiwa kulenga kwa omo yake nzima, wepesi huo wa kugeuka ulikuwa sehemu ya silaha. Dosari yake ilionekana bahari inapochafuka, kwani omo nzito ilizama ndani ya wimbi badala ya kulipanda, na maji yakafagia sitaha yote.

Aliyeiagiza ni James Dunwoody Bulloch, wakala wa jeshi la majini la majimbo yaliyoasi, ambaye kazi yake Ulaya ilikuwa kununua meli katika nchi zilizotangaza kutoegemea upande wowote na ambazo kwa hiyo zilikatazwa kumuuzia. Mwezi Julai 1863 aliafikiana na Lucien Arman, mwenye karakana ya meli Bordeaux ambaye pia alikuwa mbunge na mtu wa karibu wa mfalme Napoleon III, waasi waundiwe manowari mbili pacha. Ili kuwazuga wapelelezi, zilipewa majina ya Sphinx na Cheops, na uvumi ukaachwa uenee kwamba zinakwenda Misri. Hila hiyo haikudumu. Kabla ya mwaka kwisha, karani wa kampuni moja iliyohusika na mkataba huo alizifikisha barua na hati zake mikononi mwa John Bigelow, balozi mdogo wa Marekani mjini Paris, na serikali ya Washington ikampelekea mfalme ushahidi ambao hakuweza kujifanya haujui. Mwaka 1864 Napoleon III, aliyekuwa ameanza kuona upande gani utashinda, aliamuru meli ziuzwe kwa wengine.

Arman aliziuza, na namna alivyoziuza inaeleza mengi kuhusu biashara ya silaha ya karne ile. Mwaka huohuo Denmark na Prussia zilikuwa vitani juu ya majimbo ya Schleswig na Holstein. Cheops akawauzia Waprussia, Sphinx akawauzia Wadenmark, pacha wawili wa tumbo moja wakapelekwa kila mmoja kwa adui wa mwenzake. Hawakukutana. Meli ya Denmark, iliyopewa jina la Stærkodder, shujaa wa ngano za kale za Skandinavia, ilifika Copenhagen mwezi Novemba 1864, mkataba wa amani ukiwa umetiwa saini Vienna mwishoni mwa Oktoba. Serikali iliyokuwa imeshindwa vita na kupoteza majimbo haikuwa na hamu ya kulipia silaha iliyochelewa. Yakazuka mabishano juu ya bei na kasoro za uundaji, na Denmark ikaikataa. Arman, kwa siri, akamrudia mteja wake wa kwanza.

Mwezi Januari 1865 meli iliondoka Copenhagen kwa jina la muda la Olinde, na baharini, karibu na pwani ya Brittany, ikakutana na meli ya mizigo iliyoleta mabaharia, baruti na vifaa kutoka Uingereza. Hapo Nahodha Thomas Jefferson Page alipandisha bendera ya waasi na kuipa jina la nne, Stonewall, yaani ukuta wa mawe, ambalo lilikuwa lakabu ya jemadari wao Jackson aliyefariki mwaka 1863. Dhoruba ya ghuba ya Biscay ikamfundisha Page mara moja tabia ya chombo alichokabidhiwa: maji yalipenya penye vichwa vya sukani, na akalazimika kukimbilia Ferrol, kaskazini mwa Hispania, kuitengeneza.

Yaliyotokea Ferrol ndiyo kipimo bora cha heshima ya deraya wakati ule. Nje ya bandari, ng'ambo ya maji huko La Coruña, zilikuwa zikivizia manowari mbili za Marekani, Niagara na Sacramento, zote za mbao, chini ya Komodoro Thomas Craven. Niagara peke yake iliizidi Stonewall kwa ukubwa mara tatu na zaidi. Tarehe 24 Machi 1865, bahari ikiwa shwari kama maji ya mtungi, Page alitoka, akaenda huku na kurudi mbele ya adui zake mchana kutwa, bendera ikipepea, akingoja watoke. Craven hakutoka. Alihesabu kwamba katika bahari tulivu makombora yake yasingepenya mabamba yale, ilhali mzinga mmoja wa ratili 300 na mdomo wa chuma vingetosha kuzipeleka chini meli zake mbili. Stonewall ikaelekea Lisbon na kisha Atlantiki, na Craven akafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi iliyoongozwa na Farragut, mwanamaji mashuhuri kuliko wote wa Marekani, akatiwa hatiani kwa kutopigana. Adhabu yake ilikuwa nyepesi, na waziri wa majini, aliyeiona hukumu hiyo kuwa haina kichwa wala miguu, aliikataa, Craven akarejea kazini. Ni vigumu kumlaumu. Page mwenyewe hakuwa na hakika kwamba meli yake ingestahimili kipigo kikali, ila adui yake hakuwa na njia ya kulijua hilo.

Stonewall ilipofika Nassau na kisha Havana mwezi Mei 1865, Jenerali Lee, jemadari wa waasi, alikuwa ameshasalimu amri tangu tarehe 9 Aprili. Page alibaki na manowari isiyo na nchi na mabaharia waliodai mishahara yao. Akaikabidhi kwa mtawala wa Kihispania wa Cuba kwa dola 16,000, kiasi kilichohitajika kuwalipa watu wake, na Hispania ikaitoa kwa Marekani kwa fedha ileile. Meli iliyogharimu miaka miwili ya njama katika nchi tatu ilipelekwa katika karakana ya jeshi la majini mjini Washington, ikafungwa gatini, ikasahauliwa.

Wakati huo Japani ilikuwa ikitafuta meli kwa pupa. Tangu Komodoro Perry wa Marekani alipoingia ghuba ya Edo mwaka 1853 na meli zake za moshi, ambazo wenyeji waliziita kurofune, yaani meli nyeusi, serikali ya shoguni, jemadari mkuu wa ukoo wa Tokugawa aliyetawala kwa jina la mfalme, ilikuwa imeelewa kwamba nchi ya visiwa isiyo na manowari za mvuke haina mlango wa kuufunga. Ikafungua chuo cha unahodha Nagasaki kwa msaada wa Waholanzi, ikaagiza meli Uholanzi na Marekani, na mwaka 1867 ikatuma Washington ujumbe wa Ono Tomogorō, mtaalamu wa hesabu za unahodha aliyewahi kuvuka Pasifiki mwaka 1860 ndani ya Kanrin Maru. Katika msafara huo alikuwamo pia Fukuzawa Yukichi, aliyekuja kuwa mwandishi na mwalimu mwenye sifa kubwa kuliko wote wa zama za Meiji. Wajumbe waliiona Stonewall pale gatini, wakaridhika nayo, na bei ikakatwa kwa dola 400,000, sehemu kubwa ikilipwa mapema. Kwa Marekani ilikuwa biashara nono: chombo kilichopatikana kwa dola 16,000 kiliuzwa mara 25 ya bei hiyo.

Meli iliingia Yokohama mwezi Aprili 1868 chini ya ofisa wa Kimarekani, George Brown, na ikakuta Japani imegawanyika. Shoguni wa mwisho, Tokugawa Yoshinobu, alikuwa amerudisha madaraka kwa mfalme mwishoni mwa 1867, majeshi yake yakashindwa karibu na Kyoto mwezi Januari 1868, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vinavyojulikana kama vita vya Boshin vikaendelea kuelekea kaskazini. Pande zote mbili ziliidai meli: maofisa wa shoguni kwa hoja kwamba wao ndio walioilipia, na serikali mpya ya mfalme, ile ya Meiji, kwa hoja kwamba yenyewe ndiyo mrithi halali wa dola, pamoja na madeni na mali zake. Balozi wa Marekani, Robert Van Valkenburgh, ambaye pamoja na mabalozi wenzake wa kigeni alikuwa ametangaza kutoegemea upande wowote, alikataa kumpa yeyote. Kwa karibu mwaka mzima silaha kali kuliko zote katika bahari ya Japani ilielea Yokohama na mizinga yake kimya, ikilindwa na tamko la karatasi.

Mwaka huo ndio ulioamua mambo. Enomoto Takeaki, kiongozi wa meli za shoguni aliyesomea unahodha na uhandisi Uholanzi, alikataa kusalimisha meli zake, na mwezi Oktoba 1868 akatoroka Edo na vyombo vinane, pamoja na maofisa kadhaa wa Kifaransa, akaenda kisiwa cha kaskazini cha Ezo, kinachoitwa sasa Hokkaidō. Maofisa wake walimchagua kwa kura kuwa kiongozi wa utawala wao mpya, makao yakiwa Hakodate na ngome ya Goryōkaku yenye umbo la nyota. Mwanzoni yeye ndiye aliyekuwa na nguvu baharini, kwa kuwa alikuwa na Kaiyō Maru, manowari kubwa ya mbao iliyoundwa Dordrecht. Lakini mwezi Desemba dhoruba iliitupa Kaiyō Maru ufuoni Esashi na kuivunja, na mizani ikalala upande wa pili pasipo risasi kupigwa. Mwanzoni mwa 1869 mabalozi, walipoona kwamba serikali ya Meiji imeshika nchi, waliondoa tamko lao, na Stonewall ikakabidhiwa. Jina lake la tano, Kōtetsu, halikuwa jina la fahari bali maelezo tu: kō ni deraya na tetsu ni chuma. Baadhi ya waandishi wa nje hulifasiri kama chuma cha pua, kwa kuwa liko neno lingine linalotamkwa vivyo hivyo lenye maana hiyo. Herufi zilizoandikwa katika hati za meli ni za deraya.

Enomoto hakuwa na silaha ya kuitoboa Kōtetsu, kwa hiyo akaazimia kuiteka. Meli za Meiji zilipokuwa zikipanda kaskazini zilitia nanga katika ghuba ya Miyako, pwani ya kaskazini-mashariki ya kisiwa kikuu, na yeye akatuma tatu ziwavamie: Kaiten, Banryū na Takao, zikiwa na askari wa kurukia sitaha ya adui, na Mfaransa mmoja katika kila chombo. Kaiten yenyewe ilikuwa na historia ya ajabu. Ilikuwa meli ya magurudumu ya ubavuni, aina ya kale inayosukumwa na magurudumu makubwa ya mapanga badala ya rafadha, na hapo awali iliitwa Danzig katika jeshi la Prussia. Mwaka 1856 ilimpeleka mwanamfalme Adalbert katika pwani ya Rif, Morocco, ambako alijeruhiwa akipigana na wenyeji. Waprussia waliponunua pacha wa Kōtetsu kutoka kwa Arman, waliipa jina la mwanamfalme huyohuyo, Prinz Adalbert.

Dhoruba ilizitawanya meli tatu njiani. Banryū ikapotea, Takao ikabaki nyuma kwa hitilafu ya mtambo, na alfajiri ya tarehe 6 Mei 1869 Kaiten ikaingia ghubani peke yake, ikipeperusha bendera ya Marekani. Meli za Meiji, nyingi zikiwa hazijawasha matanuri, ziliitazama ikija kama mgeni wa kawaida. Ilipokaribia, Kaiten iliteremsha bendera ya bandia, ikapandisha yake, na kuielekea Kōtetsu. Hapo mpango ukagota kwenye umbo la meli yenyewe. Kwa sababu ya magurudumu yake yaliyotokeza pande zote mbili, Kaiten haikuweza kulala ubavu kwa ubavu na Kōtetsu ili askari wavuke kwa wingi. Omo yake tu ndiyo iliyopanda juu ya ubavu wa mwenzake, karibu kwa pembe mraba. Sitaha ya Kaiten ilikuwa juu, ya Kōtetsu ilikuwa chini karibu na maji, tofauti ya mita tatu hivi. Washambulizi, wengi wao samurai wenye panga mikononi, ikabidi wapite mmoja mmoja kwenye omo nyembamba na kuruka chini, na kila aliyetua alitua peke yake katikati ya maadui. Masimulizi ya vita hivyo hutaja pia bunduki ya rashasha ya Gatling iliyowasubiri pale sitahani. Kwa muda wa nusu saa hivi nahodha wa Kaiten, Kōga Gengo, alisimama akiamuru huku akipigwa risasi, hadi akauawa, na Kaiten ikajinasua na kukimbia. Takao, iliyokuwa ikienda mwendo wa pole, haikuweza kuponyoka. Mabaharia wake waliipandisha ufukoni, wakaichoma moto, na baadaye wakatekwa pamoja na Mfaransa wao, Eugène Collache.

Miongoni mwa waliokuwa ndani ya Kasuga, meli ya Meiji iliyokuwa karibu na iliyofyatua mizinga kuitetea Kōtetsu, alikuwamo ofisa kijana kutoka jimbo la Satsuma aliyeitwa Tōgō Heihachirō, ambaye baada ya miaka 36 aliongoza kikosi cha meli kilichowaangamiza Warusi huko Tsushima.

Baada ya Miyako kilichobaki kilikuwa kazi ya kumalizia. Katika mwezi wa Mei na Juni Kōtetsu iliongoza mashambulizi katika ghuba ya Hakodate, ikirusha makombora mazito hadi ndani ya Goryōkaku, umbali ambao mizinga ya ngome haikuweza kuujibu. Meli za Enomoto zilipigana kwa ujasiri. Tarehe 20 Juni 1869 kombora la Banryū liliingia katika ghala la baruti la Chōyō, meli ya Meiji, ikalipuka na kuzama na watu wake wengi. Lakini siku hiyohiyo Kaiten na Banryū nazo ziliishia kuteketea, na tarehe 27 Juni ngome ilisalimu amri.

Mwezi Desemba 1871 meli ilipewa jina lake la sita na la mwisho, Azuma, jina la kale la kishairi la upande wa mashariki wa Japani. Ilitumika mwaka 1874 wakati wa uasi wa Saga na msafara wa Taiwan, na mwezi Agosti mwaka huohuo kimbunga kikaipandisha ufukoni Kagoshima, ikanasuliwa na kutengenezwa. Pacha wake wa Prussia hakudumu sana: mbao zake chini ya deraya zilioza, akavunjwa mwaka 1878. Azuma, ambayo kufikia hapo ilikuwa imepitwa na kila kilichoundwa baada yake, iliendelea kukaa bandarini kama meli ya ulinzi hadi ilipofutwa katika orodha ya jeshi mwezi Januari 1888, na mwaka uliofuata ikauzwa kwa wavunja vyuma.

Enomoto alikaa gerezani hadi 1872, akasamehewa, akatumwa Urusi kama balozi na kujadili mkataba wa mipaka uliotiwa saini Saint Petersburg mwaka 1875. Mwezi Februari 1880 serikali ileile aliyoipiga vita ilimteua kuwa waziri wa majini, wadhifa alioushika kwa mwaka mmoja na kidogo, na miongoni mwa meli zilizokuwa chini ya wizara yake ilikuwamo bado Azuma.